Konga Vantu, mtu wa maombi na mtu wa vitabu



Mwisho wa muhula uliopita, nyuma ya ibada ya asubuhi, kulikuwa mabishano makubwa chini ya miti ya maembe. Ndugu mmoja wa kalasi ya sita alikuwa amekusanya biki za rafiki zake, apate kuziombea mbele ya egzame ya Leta. Mwingine akamcheka sana. Akasema ya kama yeye atasoma fizika yake tu, na siku atakapoingia iniversite ataaga mambo ya kanisa, juu Biblia ni ya wazee na fizika ni ya vijana. Kengele ikalia, kila mtu akaenda kwa kalasi yake. Lakini sisi tuliowasikiliza tuliendelea kuzungumza jioni yote kwa interna, na tukaona ya kama wale wawili, ijapo walikasirikiana, walikuwa wanasema neno moja. Wote wawili waliweka Mungu ngambo moja na masomo ngambo ingine, na mto katikati.

Njo maana tumechagua kwa gazeti hii kueleza maisha ya mtu ambaye hakujua mto ule. Walimu wetu wa Kifaransa wanatuambiaka habari za Blaise Pascal, mtu wa hesabu na mtu wa imani. Tunamheshimu, lakini Clermont ni mbali, na yeye alikufa mwaka 1662. Huyu wetu alikaa hapa hapa Katanga, na kaburi lake liko Luanza, kando ya ziwa Moero. Jina lake la kwao ni Dan Crawford. Jina ambalo watu wa huku walimpa ni Konga Vantu, maana yake mwenye kukusanya watu. Wengi wenu mumelisikia kwa mababu zenu, zaidi ninyi mnaotoka Pweto na Kilwa.

Alizaliwa tarehe 7 Desemba 1869 katika Gourock, mji mdogo wa bahari katika inchi ya Scotland. Baba yake alikuwa mtu wa meli, akafa wakati Dan angali mtoto. Nyumba haikuwa na feza. Kwa hiyo kijana aliacha shule mapema, akaingia kazi ya biro, kuandika hesabu za watu wengine. Basi mjue tangu mwanzo: mtu huyu tunayemuita mtu wa vitabu hakuingia mlango wa iniversite hata siku moja. Hakupata ile nafasi ambayo wengi wetu tunaitamani na wengine wetu tunaichezea.

Mwaka 1887, akiwa na miaka 17, aliokoka, akajiunga na Wakristo wale wanaoitwa Ndugu. Kwa Ndugu hakuna cheo cha pasta, na mishonari wao hawakuwa na mshahara wa kila mwezi. Waliondoka kwao wakimtegemea Mungu na zawadi za wapendwa. Kijana alikuwa na kifua zaifu, na watu walifikiri ya kama Afrika itamuua upesi. Lakini katika siku zile Frederick Stanley Arnot alikuwa amerudi Uingereza na habari za inchi ya Garenganze, inchi ya mfalme Msiri. Arnot alifika Bunkeya mwaka 1886. Alipoondoka tena kwa kurudi Afrika mwaka 1889, Crawford alikuwa pamoja naye. Alikuwa na miaka 19.

Walishuka Benguela, katika Angola ya leo, na kutoka pale ilikuwa miguu tu. Musifikiri njia ya reli. Reli ilifika hapa Elisabethville mwaka 1910, na mwaka 1889 hata mji wetu wenyewe haukuwa, palikuwa paka mto wa Lubumbashi na pori na mashimo ya mukuba ya wazee. Kutoka bahari ya Benguela mpaka Bunkeya ni zaidi ya kilometa 1500. Walikaa sana Bihe juu ya kukosa wapagazi, na Crawford alifika kwa Msiri mwezi wa Novemba 1890.

Bunkeya ya wakati ule ilikuwa mji mkubwa. Msiri alitoka kwa Wasumbwa, ngambo ya mashariki katika Tanzania ya leo, akafanya biashara ya mukuba, ya chumvi, ya pembe na ya watumwa, na kwa nguvu ya bunduki akatawala. Ndani ya mji mlikuwa Bayeke, Basanga, Balamba, Baluba, Balunda, wengine wenyeji, wengine mateka waliokamatwa vitani. Kwa mtu wa kuhubiri, lilikuwa pahali pa machozi. Kwa mtu wa kujifunza luga, lilikuwa shule. Crawford alikuwa wote wawili kwa wakati mmoja, na hapa njo tunaanza kuona mambo tuliyotaka kuwaeleza.

Muzungu wa siku zile angaliweza kufanya jambo rahisi. Angalitafuta mkalimani mmoja, akahubiri kwa luga yake, akahesabu walioinua mikono, akaandikia watu wa kwao barua ya furaha. Crawford aliona ya kama kufanya vile ni kusema uongo katika jina la Mungu, kwa kuwa hungejua mkalimani anasema nini. Basi akakaa chini. Akasikiliza wazee kwa moto, wanawake kwa mto, watoto kwa michezo, wapagazi kwa njia. Mwenzake Charles Swan, aliyefika Bunkeya mwisho wa mwaka 1887, alikuwa amekwisha kuanza kuandika mambo ya luga ile, na Crawford akaendelea kutoka pale.

Luga yenyewe ni Kisanga, ndugu ya Kiluba. Ninyi mnaoisema nyumbani mnaiona kitu cha bure, kitu cha kuzungumza na nkambo wakati wa vakanse. Crawford hakuiona vile. Aliona ya kama luga hii ina sheria kuliko zile za biro aliyoacha. Tazameni: tukisema muntu na bantu, kintu na bintu, kila jina linaingia kwa kundi lake, na kundi lile linavuta nyuma yake maneno yote ya sentensi, sawa kichwa cha treni kinavyovuta mabehewa. Ukikosa moja, mtoto wa miaka mitano atakucheka. Mwalimu mmoja Mdachi, Wilhelm Bleek, alikuwa ameonyesha katika kitabu chake cha mwaka 1862 namna luga nyingi sana za Afrika zinafuata mpango huu, na yeye njo alieneza jina la luga za Bantu kwa watu wenye elimu. Lakini kujua mpango kwa buku ni jambo moja, na kuusema bila kukosa mbele ya wazee wa Bunkeya ni jambo lingine.

Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri aliuawa. Safari ya kapiteni Stairs ilikuwa imefika kwa ajili ya Leopold II kumtaka akubali bendera ya Leta ya Kongo, naye akakataa. Kapiteni Bodson akampiga bunduki, na Bodson mwenyewe akafa kwa risasi ya watu wa Msiri. Nyuma ya pale mji ulivunjika, njaa ikaingia, watu wakatawanyika. Crawford alikuwa na miaka 22. Wengi waliokuwa mateka hawakujua tena kwao ni wapi, wakamfuata. Akawapeleka upande wa ziwa Moero, na mwaka 1894 kijiji cha Luanza kilianza pale juu ya mawe yanayotazama maji. Njo kule jina la Konga Vantu lilipata nguvu.

Sasa fikirini siku zake. Asubuhi watu wanaleta mashauri: huyu amepiga mke wake, yule amevunja mpaka wa shamba. Mgonjwa anataka dawa, na munganga hayuko. Nyumba inavuja. Kuna shule ya kufundisha watoto kusoma, kuna mahubiri. Kila mmoja wetu angalisema ya kama mtu kama huyu hana wakati wa Kigiriki. Lakini alikuwa nao. Agano Jipya liliandikwa kwa Kigiriki, na Agano la Kale kwa Kiebrania isipokuwa sehemu chache, na yeye hakutaka kutafsiri paka kutoka Kiingereza, kwa kuwa ile ingekuwa kutafsiri tafsiri. Akajifunza luga zile mbili za zamani bila kalasi ya kuingia na bila mtu wa kumpa pointi. Sisi tunaonung'unika kujifunza vitendo vya Kifaransa pamoja na mwalimu, kalasi na ubao, tusikie haya kidogo.

Tena kazi yenyewe haikuwa kazi ya kubadilisha neno kwa neno, kama mtu anavyobadilisha feza kwa soko. Utaitaje theluji kwa mtu wa Bunkeya? Mzeituni haumei Luanza. Meli ya Paulo ilivunjika katika bahari, na watu wa Moero wanajua mtumbwi na zoruba ya ziwa, si bahari ya chumvi. Haya bado ni madogo. Jambo kubwa ni jina la Mungu mwenyewe. Mishonari angaliweza kuleta jina geni kutoka Ulaya na kulipanda kama mti wa bustani. Lakini Basanga walikuwa na jina Leza mbele ya muzungu yeyote kufika, na Babemba wanasema Lesa, na ndugu zetu wa Kiluba wanasema Vidye. Kwa kujua kama jina Leza linaweza kubeba maneno ya Mwanzo na ya Yoane, ilifaa kwanza kuuliza wazee wanafikiri nini wanapolitaja: kwa mvua, kwa kifo, kwa kiapo. Ile ni kazi ya elimu ya kweli, kazi ambayo leo maprofesa wa iniversite wanafanya na karatasi nyingi. Na kwa Crawford ilikuwa pia kazi ya kuogopa Mungu, kwa kuwa akikosa neno moja kwa uvivu, kijiji kizima kitaomba vibaya.

Kwa maoni yetu, hapa njo kiini cha maisha yake. Hakuomba kwanza na kusoma kisha, wala hakuchukua Biblia kama mapumziko ya kuacha kazi ya akili. Meza ilikuwa moja. Kuangalia neno mara ya pili na ya tatu katika Kigiriki, kisha kulipeleka kwa mzee asiyejua kusoma na kumuuliza kama linasikilika, na kukubali kusahihishwa na mzee yule, vyote vilikuwa utii. Angalisema amemaliza bila kuangalia, nani huko Scotland angalijua? Hakuna mwenye kusoma Kisanga kule. Alikuwa na inspekta mmoja tu, na sisi wote tunajua yule haandikishi siku ya kufika.

Agano Jipya kwa Kisanga lilitoka mwaka 1904, vitabu 27. Kutoka kufika kwake Bunkeya ilikuwa miaka 14. Kisha akaingia Agano la Kale, vitabu 39, na kazi ile ikaendelea mpaka mwisho wa maisha yake.

Mwaka 1896 alioa Grace Tilsley katika Blantyre, inchi ya Malawi ya leo, na mama yule akashika naye kazi ya Luanza. Kutoka mwaka 1889 mpaka 1911 Crawford hakurudi kwao hata mara moja: miaka 22 bila kuona Ulaya. Alipofika mwisho, aliandika buku kubwa kwa Kiingereza, ikatoka mwaka 1912. Kwa Kiswahili tungeweza kuita kichwa chake Kufikiri kama Mtu Mweusi. Ilimfanya mtu wa sifa, akaitwa kusema katika Uingereza, Marekani na hata Australia. Kisha akarudi Luanza. Angaliweza kubaki kule kwa viti vya heshima.

Hatutaki kuwapa mtu wa sanamu. Mwalimu mmoja ambaye anajua Kiingereza alitusomea kurasa za buku ile na kutufasiria, na tulikaa kimya mara nyingi. Kichwa chake kinaahidi mambo mazuri, na kweli ndani yake muzungu anawaambia wazungu wenzake wajifunze kwa Waafrika namna ya kufikiri. Mwaka 1912 watu wa Ulaya waliosema vile hawakuwa wengi. Lakini ndani yake pia kuna maneno ya kudharau, maneno ya wakati wake, ambayo leo mwanafunzi akiyaandika juu ya mwenzake ataitwa kwa prefe. Tena namna yake ya kuandika inazunguka kama njia ya mbuzi. Na kitu kinachotuuma zaidi: jina lake linajulikana ulimwenguni, lakini wazee na wamama waliokaa naye kwa moto na kumpa maneno, wakamsahihisha Kisanga chake miaka zaidi ya 30, wengi wao wamebaki bila jina. Biblia ile ni yao pia. Kama mmoja wenu ana nkambo anayejua jina la mmoja wao, atuletee, tutaliandika katika gazeti hii.

Mmoja wa kundi letu aliuliza swali gumu: mtu akisoma luga za zamani na kulinganisha maneno ya Biblia, je, imani yake haipungui? Katika kanisa letu kuna wazee wanaoogopa vile, na hatuwacheki, maana wameona watoto wao wakienda iniversite na kurudi wageni. Jibu letu si la hekima kubwa. Tunatazama paka maisha ya huyu. Alisoma Kigiriki miaka yote, na kila siku aliamka kusali na watu wa kijiji. Inawezekana ya kama kilichomlinda ni kile: hakujifunza pekee yake. Kila neno alilopata kwa vitabu lilikuwa na deni, lilipaswa kufika jioni kwa masikio ya mtu wa kulima na mtu wa kuvua samaki, na wao wangalionyesha upesi kama ni chakula ama ni maganda. Pengine wale waliorudi wageni walikosa watu wa kuwalipa deni lao. Tunasema pengine.

Sasa mwisho wake. Mwaka 1926 Agano la Kale lilikuwa limefika mwisho. Usiku mmoja wa mwisho wa Mei, Crawford aligonga mkono kwa ubao wa rafu karibu na kitanda. Lilikuwa jeraha dogo, la kupuuza. Hakulishugulikia. Sumu ikaingia damu, mkono ukavimba, na tarehe 3 Juni 1926 akafa Luanza, mwenye miaka 56. Wakamzika pale. Biblia nzima ya Kisanga ilichapwa nyuma ya kifo chake, na hakuishika mkononi.

Tulipomweleza mwalimu wetu wa biolojia habari za jeraha lile, alinyamaza kidogo, kisha akaenda kwa ubao na kuandika mwaka 1928. Ni mwaka ambao Alexander Fleming, katika nyumba ya masomo ya hospitali moja ya London, aliona kuvu imeua mikrobe katika sahani yake. Kutoka kuvu ile ikatoka penisilini, ijapo ilifaa kungoja mpaka miaka ya 1940 mbele ya kuipata kwa wingi. Fleming naye alizaliwa Scotland, si mbali sana na Gourock. Mwalimu alituambia ya kama jeraha kama lile leo linatengenezwa kwa disipanseri ya mtaa, kwa siku chache, bila kulala.

Yule ndugu wa fizika alikuwa pale, na yule wa biki pia. Wa biki aliuliza mwalimu kuvu ile inaota wapi. Mwalimu akamwambia alete kipande cha mkate cha siku tano, na kesho yake alikileta kweli, ndani ya karatasi ya daftari. Yule wa fizika njo alimtafutia mikroskopu.